Alasiri Niliyokaa Kati ya Kunguru

Jumamosi ya tarehe 13 Aprili 2019 nilifungua kabati, nikaitoa jezi yangu ya manjano na buluu, nikaikunja upya ingawa ilikuwa imekunjwa vizuri, nikairudisha mahali pake, kisha nikavaa shati jeupe ninaloendea misa. Shemeki yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa amenipigia simu tangu alfajiri kunikumbusha sharti alilonipa siku aliponinunulia tikiti: nisivae rangi ya Lupopo, timu yangu, na nisivae nyeusi na nyeupe ya Mazembe pia, kwa sababu mtu anayevaa rangi asiyoipenda anawadanganya wenyeji wake na anajidanganya mwenyewe. Nilikuwa na miaka 34. Nimezaliwa Lubumbashi, nimesoma Lubumbashi na kazi ninafanya Lubumbashi, lakini hadi siku ile sikuwahi kukanyaga ndani ya uwanja wa TP Mazembe, watani wetu, wale wanaoitwa Kunguru.

Msomaji wa Dar es Salaam nikimwambia kwamba Mazembe na Lupopo ndio Simba na Yanga wa mji wetu, atanielewa nusu. Nusu ya pili inahusu kazi na watakatifu. Timu zote mbili zinahesabu mwaka 1939 kuwa ndio wa kuzaliwa kwao. Mazembe ilianzia mikononi mwa watawa Wabenedikto, ikaitwa Saint-Georges, ikapita majina kadhaa hadi kubeba jina la Englebert, kampuni ya matairi, na baadaye ikajiita Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote. Yetu ikapewa jina la Saint-Éloi, mtakatifu mlinzi wa wafua chuma, na jina hilo lilikaa vizuri kwa sababu watu wake walikuwa watu wa chuma kweli: mafundi, wapiga makaa na madereva wa treni wa BCK, shirika la reli la wakati wa Wabelgiji. Reli ilifika hapa mwaka 1910, mwaka uleule ambao mji ulianza kuhesabiwa kuwa mji, na ndiyo maana wazee wa Lupopo wanapenda kusema kwamba bila watu wa reli hakuna hata mtu wa kuishangilia Mazembe. Baba yangu alitengeneza mabehewa maisha yake yote ya kazi. Tulikulia Makomeno, katika nyumba za reli, na mimi niliijua rangi ya manjano na buluu kabla sijajua kuandika jina langu.

Baba alitufundisha historia ya mpira jioni, baada ya bukari, yaani ugali, kama wazazi wengine wanavyofundisha katekisimu. Alitusimulia kwamba kombe la kwanza la Afrika la wale wenzetu, lile la 1967, lilipatikana bila mechi ya mwisho kuchezwa: fainali mbili dhidi ya Asante Kotoko zilitoka sare, 1-1 na 2-2, mechi ya tatu ikapangwa, Waghana hawakutokea, na kombe likaja kwetu. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayefunga hesabu. Halafu alikuwa anakuja kwenye mwaka 1968, na hapo sauti yake ilibadilika, kwa maana mwaka ule Englebert walilichukua kombe la Afrika mara ya pili mfululizo, na Lupopo wakawa mabingwa wa Kongo nzima. Mji mmoja, mwaka mmoja, Afrika upande ule na nchi upande wetu. Baba alikuwa kijana wa miaka 13. Ninaamini kwamba hakuna mwaka wowote wa maisha yake, hata mwaka aliooa, anaoukumbuka kwa undani kama ule.

Baada ya hapo sisi tulipata 1981, 1986, 1990 na 2002, na hadi Jumamosi ile ninayoisimulia hatukuwa tumepata tena. Wao walipata Ligi ya Mabingwa 2009, 2010 na 2015, wakaongeza Kombe la Shirikisho 2016 na 2017, na Desemba 2010 walifika Abu Dhabi, wakaifunga Pachuca ya Meksiko, wakaifunga Internacional ya Brazili, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter Milan iliwafunga 3-0. Nakumbuka barabara yetu ilivyokuwa kimya siku ile ya fainali, watu wakiwa wamefunga milango na runinga zikiwaka ndani, kila nyumba ikificha kwa jirani inaomba nini.

Kwa miaka hiyo yote nilijijengea imani moja juu ya mashabiki wa Mazembe, nayo niliibeba kama kitu kilichothibitishwa: kwamba ni watu wasiojua woga. Imani hiyo ilitokana na mahali nilipokuwa nawatazamia. Mechi za watani miaka hiyo zilichezwa kwenye uwanja wa Kibassa Maliba, ulioko Kenya (msomaji wa mbali asichanganyikiwe, kwetu Kenya ni mtaa wa Lubumbashi, na wenyeji wake wanajivunia jina hilo kama wengine wanavyojivunia nchi). Ni uwanja mkubwa, na siku za mechi hiyo wao hukaa upande wao, sisi upande wetu, polisi katikati, na kati yetu kuna nyasi, njia ya riadha na kelele. Ukiwa upande huu unawaona kama kitu kimoja cheusi na cheupe kinachopanda na kushuka. Unasikia tarumbeta zao. Uso wa mtu mmojammoja huuoni. Hata fainali zao za 2009 na 2010 zilichezwa palepale Kenya, kabla hawajajenga kwao, na siku walipoifunga Espérance ya Tunis 5-0 mimi niliyahesabu mabao nikiwa nyumbani, kwa masikio tu, kwa jinsi mji ulivyokuwa unapiga kelele.

Mwaka 2011 wakafungua uwanja wao wenyewe Kamalondo. Shemeki alinialika mara nyingi na mara nyingi nilipata sababu. Safari ile sababu zilikwisha, kwa kuwa aliyekuja alikuwa Simba wa Dar es Salaam, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, na mechi ya kwanza kule kwao ilikuwa imetoka 0-0. Nitasema ukweli wote: nilikwenda nikiwa na matumaini ya kuwaona wenyeji wangu wakitolewa.

Kamalondo ni mtaa mdogo na wa zamani, karibu na katikati ya mji, wenye nyumba zilizobanana, baa zenye muziki tangu mchana, na watu wanaojuana hadi babu zao. Uwanja haukutengwa na nyumba kwa eneo pana la magari, kama nilivyokuwa nikidhani. Unakata kona moja, unapita ukuta uliopakwa rangi, na uwanja umekusimamia mbele. Karibu na geti mama mmoja alikuwa ameweka beseni la chikanda, ile iliyopikwa kwa viazi pori na karanga hadi ikashikana kama mkate, na alikuwa anaikata vipande kwa kisu chembamba, anachovya ncha ya kisu kwenye pilipili na kuipaka juu bila kuuliza kama unataka. Shemeki alinunua vipande viwili. Mama yule alinitazama shati langu jeupe, akasema, «Mwana, kula, mechi ni ndefu,» nami nilikula nikisimama, huku bendi ya mashabiki ikipita mbele yetu na tarumbeta zilizopondeka pembeni, ngoma kubwa moja ikibebwa na vijana wawili kwa zamu. Ndiyo ileile niliyokuwa naisikia tangu utotoni kutoka upande wa pili. Nilishangaa kuona kwamba mpiga tarumbeta wa mbele alikuwa mzee sana, na kwamba kila baada ya wimbo alishika mbavu na kupumua.

Ndani kilichonigusa kwanza ni ukaribu. Uwanja ule unachukua watu 18,500, ni mdogo kuliko ule wa Kenya, na hauna njia ya riadha, hivyo unasikia mchezaji anavyomwita mwenzake, na unasikia mpira unavyogonga zile nyasi bandia kwa sauti kavu ambayo kwenye nyasi za kweli haipo. Nilionea wivu. Hilo siwezi kulipamba. Klabu yenye nyumba yake inapendwa kwa namna tofauti: watu wanajua ngazi ipi imevunjika, wanajua jua linafika kwenye kiti chao saa ngapi, na mzee aliyekaa kushoto kwangu alikuwa na kipande cha boksi alichokikunja mara nne kwa kukalia, ambacho aliniambia baadaye amekitumia msimu mzima. Sisi wa Lupopo tunapenda klabu isiyo na mlango wa kubisha. Tuna haki ya kutamani nyumba, na nilipokuwa nimekaa pale nilitamani kwa uchungu, nikimfikiria baba ambaye angeweza kuwa na kiti chake na boksi lake.

Mpira ulianza, na mnamo dakika ya pili Emmanuel Okwi akaifungia Simba.

Ninataka kuieleza vizuri sekunde ile kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Nilikuwa nimeingoja furaha. Nilikuwa nimeiandaa kwa siku nzima, nimeibana chini ya shati langu la misa, na nilijua kwamba ikija sitaruhusiwa kuionyesha. Lakini furaha haikuja, kwa kuwa kabla haijafika kilikuja kimya. Ngoma iliacha katikati ya pigo. Watu elfu kadhaa walivuta pumzi wote kwa pamoja na hawakuitoa. Mbele yangu mama wa makamo, aliyejifunga kitenge chenye nembo ya mamba anayeshika mpira, aliinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa magoti, na nikaona vidole vyake vikitembea kwenye rozari. Shemeki yangu, mtu ninayemjua kwa miaka 11, mtu ambaye katika kila mzozo wa mpira nyumbani kwetu anacheka kwanza na kujibu baadaye, alikuwa amekamata ukingo wa kiti kwa mikono miwili na ngozi ya vidole ilikuwa imekauka. Walikuwa wanaogopa. Waliogopa kama sisi tunavyoogopa.

Safu tatu chini yetu mtu mmoja tu alikuwa amesimama, na jezi yake ilikuwa nyekundu. Alikuwa dereva wa lori, Mtanzania, mmoja wa wale wanaopita Tunduma na Kasumbalesa kuja kuchukua shaba na ambao hukaa hapa siku nyingi wakingoja mzigo. Alipiga kelele moja, akatazama pembeni yake, akaona nyuso, akakaa taratibu. Hakuna aliyemgusa. Kijana aliyekuwa karibu naye alimwambia tu, «Kaka, bado mapema,» na dereva akajibu kwa Kiswahili chake cha pwani, kile kilichonyooka ambacho sisi huku tunakisikia redioni, «Ni kweli ndugu yangu, mapema sana.» Nilimhusudu na yeye pia, kwa sababu angalau yeye alikuwa amevaa moyo wake waziwazi.

Anayefuata mashindano ya Afrika anajua hesabu ya jioni ile. Kwa kuwa Dar es Salaam ilikuwa 0-0, bao la Okwi, kwa sheria ya bao la ugenini iliyompa ushindi aliyefunga mengi ugenini jumla ikiwa sare, liliwataka Mazembe wafunge mawili. Walisawazisha kabla nusu saa haijafika, na hapo ndipo nilipojifunza jambo la pili. Kule Kenya, wao wakisawazisha tunaona upande wao wote unaruka. Pale waliruka kwa kitambo kidogo sana kisha wakakaa, kwa sababu 1-1 bado iliwatoa, na robo saa iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko ile ya kwanza. Mzee wa kushoto kwangu hakusema neno. Alikuwa anakunja na kukunjua kona ya boksi lake. Bao la pili lilipoingia, kabla ya mapumziko, hakuinuka, alifumba macho, akashusha mabega, na akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeteremsha mzigo kichwani, «Sawa.»

Wakati wa mapumziko alinigeukia. Alisema, «Wewe ni mtoto wa reli.» Nilimtazama shemeki, nikidhani ameniuza, lakini shemeki alikuwa amekwenda kutafuta maji. Nilimwuliza mzee amejuaje. Akasema kwamba nimekaa dakika 45 bila kuimba na bila kutukana, na kwamba mtu wa namna hiyo hapa ni mgeni, na mgeni asiyevaa nyekundu ni wa Lupopo. Hakukasirika. Aliniuliza baba yangu alifanya kazi wapi, nikamweleza, akatikisa kichwa kwa heshima. Nami, kwa kuwa ameshanijua, nikamwuliza lile lililokuwa linanisumbua tangu dakika ya pili: inakuwaje watu wenye vikombe vitano vya mabingwa wa Afrika waogope kiasi kile kwa bao moja la mapema?

Alinijibu kwa miaka. Alisema: tulichukua 67, tukachukua 68, tukacheza fainali ya 69 tukafungwa na Ismaily ya Misri, tukacheza fainali ya 70 tukafungwa na Kotoko, walewale, na safari hiyo walitokea. «Halafu tukangoja,» akasema. «Kuna lile Kombe la Washindi la mwaka 80, silidharau. Lakini hili kubwa, mwana, tulilingoja kuanzia 1968 hadi 2009. Hesabu mwenyewe.»

Nilihesabu. Ni miaka 41. Tarehe hizo mbili nilizijua tangu utotoni. Baba alinifundisha moja, magazeti yakanifundisha nyingine, na sikuwahi kuzitoa moja kutoka kwa nyingine. Nilikuwa nimeziona kama nguzo mbili za nyumba ya tajiri. Mzee yule alikuwa ameishi katikati ya nguzo hizo. Alianza kungoja akiwa kijana, alioa akingoja, alizika watu aliokuwa anangoja nao, na aliniambia kwamba mara mbili alipougua sana jambo lililomkera ni kufikiri kwamba atakufa bila kuliona tena. Siku ile ya Novemba 2009 dhidi ya Heartland ya Nigeria, alipokuwa Kenya uwanjani na bao moja likatosha, hakushangilia. Alikwenda nyumbani kwa miguu, akakaa kitandani na viatu. Kwa hiyo, akasema, mtu yeyote akitufunga mapema, sisi wa zamani tunadhani kungoja kumeanza upya.

Sisi, mwaka ule, tulikuwa tumengoja miaka 17 tangu ubingwa wetu wa mwisho wa nchi. Tunaiita miaka hiyo jangwa, na tunayo haki. Lakini nilikuwa nimewachukia jirani zangu kwa kutokuwa na jangwa, na jangwa lao lilikuwa refu kuliko umri wa watu wengi waliokuwa wamekaa jukwaani pale.

Kipindi cha pili kilikuwa rahisi kwao, na sitakisimulia kwa kirefu. Trésor Mputu alifunga la tatu, la nne likafuata, na ikaisha 4-1. Watu wameniuliza, hasa wa kwetu Makomeno, kama nilisimama kwenye bao la Mputu. Nilisimama, kwa sababu safu nzima ilisimama na mzee aliniegemea begani ili apate kuinuka, na mtu mzima anapokuegemea unainuka naye. Sikuimba. Mama wa rozari aligeuka, akatushika mikono sote wawili, mimi na mzee, bila kuuliza nani ni nani. Mpira ulipokwisha nilimwona dereva wa lori akipewa chupa ya maji na yule kijana aliyemwambia ni mapema, nao wakatoka pamoja wakibishana juu ya lile bao la kwanza, mmoja kwa Kiswahili cha pwani, mwingine kwa hiki chetu cha shaba na reli, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Nilibaki Lupopo, na ninalisema hili kwa sababu rafiki mmoja alinitumia ujumbe wa pole. Wiki zilizofuata, Espérance ilipowatoa kwenye nusu fainali kwa bao moja la kule Tunis, niliisikia habari ile kwa utulivu ambao ni wa shabiki wa Lupopo kabisa. Ila nilimfikiria mzee na boksi lake, na utulivu ule haukukamilika.

Usiku uleule wa Jumamosi nilipitia kwa baba. Alikuwa nje, chini ya mwembe, redio ikiwa imezimwa pembeni, na nilijua kwamba aliisikiliza mechi yote. Hakuniuliza matokeo. Aliniuliza kama ni kweli nyasi zao ni za plastiki, nikamwambia ni kweli, na kwamba mpira unadunda kwa sauti kavu. Aliuliza kama watu wanakaa karibu na mstari. Nikamwambia, karibu hadi unasikia makocha wanavyoita majina. Akanyamaza kidogo, akauliza ilikuwaje Okwi alipofunga, na nikamweleza kimya kile, ngoma iliyokatika, mama na rozari, mikono ya mkwewe kwenye kiti. Nilitegemea atafurahi. Alisikiliza akitazama chini.

Kisha nikamsimulia mzee wa kushoto na miaka yake 41. Baba alianza kuihesabu kwa vidole, akafika mahali akaacha, kama kwamba hesabu imempeleka pengine.

«Ana miaka mingapi huyo?» akauliza.

«Kama wewe, baba. Labda anakuzidi mitatu, minne.»

«Basi mwaka wa 68 alikuwa hapa.»

«Alikuwa hapa.»

Akavuta kiti chake karibu na changu, akaniomba nimweleze tena uso wa yule mzee ulivyokuwa, polepole, na kama nilipata kumsikia akitaja barabara aliyokulia.